Hotpoti chini ya kitanda cha deka

Mpwa wangu alirudi likizo mwezi Agosti akiwa na vitu viwili ambavyo hakutaka mama yake avione: barua ya onyo kutoka kwa mwajiri wake, na daftari gumu lililochakaa jalada. Mama yake, yaani dada yangu, anaishi Sengerema. Zamani mtu akitaka kuchelewa kufika kwa mama alisingizia foleni ya kivuko cha Busisi, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 basi linavuka kwa dakika chache na kisingizio hicho kimekufa. Basi akasema amechoka na safari, akalala kwangu Pasiansi, Mwanza.

Mimi ni bwana afya mstaafu. Miaka yangu ya kazi imepita kwenye majiko ya watu: hoteli za Capri Point, vibanda vya Mwaloni Kirumba, mama ntilie wa Mlango Mmoja anayejua kuficha sufuria kabla bwana afya hajamaliza kukata kona. Kwa hiyo alipolitoa lile daftari baada ya chakula cha usiku, nilikuwa nalisubiri.

"Mjomba," akasema, "unisomee hii. Ila usinisomee kama mjomba."

Yeye ananiita mjomba, nami namwita mjomba, ndivyo tulivyozoeana. Nilichosoma ndicho ninachokichambua hapa, kwa ruhusa yake. Jina la kambi, la nchi na la mwajiri nimeyaacha. Bado ana mkataba.

Madaftari mawili

Kwanza kazi yenyewe, maana hata dada yangu huwaambia majirani kwamba mwanawe yuko jeshini. Hayuko jeshini. Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilianzisha mpango uitwao LOGCAP, wa kuwapa wakandarasi wa kiraia kazi za kuwahudumia askari, na vita vya Iraki na Afghanistani vilipokuja, mpango huo ukapanuka mno: kupika, kufua, kuzoa taka, kuleta maji, kujenga vyumba vya kulala. Ukiingia leo kwenye kambi kubwa ya ng'ambo, anayempakulia askari mayai asubuhi ni raia, na mara nyingi ametoka Ufilipino, India, Nepal, Kenya au Uganda. Watanzania wapo, ila wa kuhesabika.

Kambi ya mpwa wangu iko katika nchi moja ya Ghuba. Ina kumbi mbili za chakula. Ya askari, ambayo wenyewe huiita difaki, inatoa milo minne: asubuhi, mchana, jioni, na mwingine saa 6 usiku. Ya wafanyakazi inatoa mitatu. Yeye ni supavaiza wa hii ya pili, pamoja na malazi ya hao wanaokula humo: watu kama 600 kwenye makontena yaliyogeuzwa vyumba, deka tatu kila chumba. Zamani kazi hizo zilikuwa na watu wawili. Mwajiri aliziunganisha ili aokoe mshahara mmoja.

Kwa hiyo ana madaftari mawili ya kazi. La vyumba limejaa mambo ya umeme: soketi, nyaya, kizima moto, jiko la koili lililofichwa kabatini, hita ya bafuni kama imeungwa waya wa ardhini. Ukali huo una chanzo. Januari 2008 askari mmoja wa Marekani alikufa kwa umeme akiwa anaoga kambini Baghdad, pampu ya maji ilikuwa haijaungwa ardhini, na habari yake ikafika hadi Bunge la nchi yake. Mkaguzi wa malazi ya kambi aliyesikia kisa kile haingii bafuni bila kuangalia waya.

La jikoni ni la joto. Kila saa moja, chakula kilichoko kwenye meza ya moto kinachomwa kipimajoto cha sindano na namba inaandikwa. Fomu ni za Kimarekani, hivyo ni Farenhaiti: cha moto kisishuke chini ya 135, ambayo kwetu ni nyuzi 57, cha baridi kisipande kupita 41, yaani nyuzi 5. Katikati ya hizo mbili ndipo bakteria wanapofanya harusi.

Fomu zenyewe hubaki kambini. Yeye ana tabia, na ni tabia nzuri, ya kunakili kila usiku alichojaza. Daftari gumu alilonipa lilikuwa hilo: kurasa za kushoto jikoni, za kulia vyumba. Nililisoma lote usiku ule na sikuona siku hata moja ambayo ukurasa wa kushoto unazungumza na wa kulia.

Usiku wa shamali

Zamu ya usiku ina watu 40: wafuaji, wazoa taka, wasugua dohani za jikoni. Wanapanda gari saa 11 na nusu jioni, na ukumbi wao unafunguliwa kwa mlo wa jioni saa 11 na nusu hiyo hiyo. Mlo huo hawauoni. Saa 6 usiku wanapumzika, difaki ya askari ikiwa inanukia hapo jirani, nao wanafungua mfuko wa kampuni: mkate, yai la kuchemsha, tufaha, juisi ya pakiti.

Mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kukiita kile chakula. Wala Mkenya, wala Mnepali. Basi vyumba vikajipangia vyenyewe. Anayefanya kazi mchana akienda kula jioni humpakulia na mwenzake wali, kuku, mchuzi au dengu. Chombo chake haruhusiwi kuingia nacho ukumbini. Marufuku ya mabegi na vyombo vya nje kwenye kumbi za chakula imeenea kambi nyingi, na wanaoulizia sababu huambiwa habari ya Mosul, Iraki, ambako tarehe 21 Desemba 2004 mtu aliyevaa bomu alijilipua katikati ya mlo wa mchana na watu 22 wakafa. Kwa hivyo wali unatoka kwenye boksi la foili, unatembea dakika kumi hadi chumbani, unamiminwa kwenye hotpoti, na hotpoti inasukumwa chini ya deka. Saa 6 usiku dereva wa pikapu anapita kuzikusanya.

Nisieleweke vibaya. Kumwekea mtu chakula ni jambo ambalo mimi nimelelewa nalo. Baba yangu alikuwa mvuvi, na hakuna usiku niliokumbuka mama amelala bila sahani iliyofunikwa kawa ikimsubiri. Nyumba isiyomwekea mtu chakula ni nyumba iliyokwisha kumzika. Wale vijana, mbali na kwao, walikuwa wanajengeana nyumba.

Na mambo yalikwenda salama kwa miezi. Alhamisi moja ya Julai, upepo wa shamali ukaleta vumbi, taa za barabarani hazionekani, geti la ndani likafungwa magari yasipite. Pikapu ilifika saa 9 usiku badala ya saa 6. Watu wakapasha wali kwenye maikrowevu, wakala kwa njaa ya saa tatu za nyongeza. Saa 10 na nusu wa kwanza akatapika. Kulipokucha foleni ya kliniki ilikuwa imetoka nje ya mlango.

Daktari wa kambi alifanya alichopaswa: dripu kwa walioishiwa maji, maswali machache, ripoti. Ripoti iliandika "chakula", na neno hilo likaenda moja kwa moja jikoni. Ukumbi ukafungwa siku moja na nusu. Sufuria zikalowekwa klorini. Wapishi wawili wakatolewa kwenye mstari wakachunguzwe mikono. Sampuli ya mlo ilikuwepo kwenye friji kama mkataba unavyotaka, lakini hakuna aliyeipima, maana hadi Ijumaa usiku kila mtu alikuwa ameshasimama na ana njaa. Wiki iliyofuata mpwa wangu akapewa barua: kushindwa kusimamia usafi wa jiko.

Nani alikula nini

Asubuhi tulikaa barazani, chai mbele yetu, nikamwambia asinieleze jiko lake lilivyo safi. Anipe watu.

Bahati njema ya mtu anayelala na watu wake ni kwamba anawajua kwa vitanda. Tulichora jedwali kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Watu wa zamu ya usiku 40. Waliokula chakula cha hotpoti 21. Kati yao walitapika 17. Waliokula mfuko wa kampuni peke yake 19. Hakuna hata mmoja. Waliokula ukumbini jioni ile walikuwa zaidi ya 400, na katika hao wagonjwa walikuwa wawili tu. Nikamwuliza wawili hao wanalala wapi. Akafikiri, kisha akaweka kikombe chini. Walikuwa wenzao wa chumbani wa watu wa usiku. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, walikuta hotpoti imerudi na wali kidogo chini. Wakala kiporo na chai.

Kama ni jiko, wangeumwa mamia. Walioumwa ni waliokula wali uleule baada ya kulala chini ya kitanda.

Bado kulikuwa na swali la ni nini kilichowatapisha. Mtu wa Mwanza akisikia watu kumi na tisa wanatapika pamoja hufikiria kipindupindu, na ana sababu zake. Lakini kipindupindu ni kuharisha maji kama ya kuoshea mchele, na hutokea kuanzia saa chache hadi siku tano tangu mtu ameze mdudu. Salmonella huchukua angalau muda wa saa sita, na huja na homa. Virusi vya noro huchukua nusu siku hadi siku mbili, halafu havichagui hotpoti. Vingeanza na chumba kimoja vikapanda ngazi kwa vitasa vya milango. Hawa walikula saa 9 na wa kwanza akatapika saa 10 na nusu. Hakuna homa. Kesho yake wazima. Kasi hiyo ni ya sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijafika mdomoni.

Hapo washukiwa wanabaki wawili. Mmoja ni stafilokokasi, anayetoka kwenye mikono na pua za watu, apendaye nyama iliyoshikwashikwa. Wa pili ni Bacillus cereus, na huyu kwao ni mchele. Nilimwuliza kama kuna aliyekula kuku bila wali. Alikuwepo mmoja, Mganda, anayesema wali ni chakula cha sherehe. Alimpa jirani wali wake akala kuku na mkate. Hakuumwa. Na Wanepali wawili wasiokula nyama kabisa, waliowekewa wali na dengu, walitapika kuliko wote. Mimi naegemea wali. Maabara haikusema, nami si maabara, lakini ningekuwa bado kazini ningeandika hivyo na kuweka sahihi. Kuna watatu waliokula wali na hawakuumwa, hao sina maelezo yao. Tumbo la mtu ni la mtu.

"Lakini walipasha, mjomba," akasema. "Ulikuwa unatoa mvuke."

Hili ndilo linalowaponza watu wengi, wakiwemo wenye vyeti. Bakteria huyu hukaa kwenye mchele mkavu akiwa amejifunga ndani ya ganda gumu. Ukiupika, yeye hafi. Anasikia joto, anavumilia, anangoja. Wali ukipoa hadi uvuguvugu, ganda linafunguka, anazaliana, na akizaliana anamwaga sumu. Ukija kupasha unamuua yeye. Sumu aliyoimwaga hubaki, maana inahimili nyuzi 121 kwa dakika 90, na hakuna maikrowevu inayofika huko wala mpishi mwenye subira hiyo. Ni kama kumkamata mtu aliyetia sumu kisimani ukamfunga, kisha ukateka maji ukanywa.

Wali unapimwa homa

Hakuamini kuhusu hotpoti. Hotpoti kwake ni kitu cha heshima, kiko kwenye kabati la vioo la kila mama. Nikamwambia Jumapili tutapima.

Tulianza kwa kugombana na kipimajoto. Alikitumbukiza kwenye birika linalochemka, kikasoma 96, akasema kibovu, chake cha kazini husoma 100. Nikamkumbusha yuko wapi. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka kabla ya kufika mia. Kule kwao Ghuba wako usawa wa bahari. Bwana afya wa Mwanza anayesahihisha kipimajoto kwa maji yanayochemka atavitupa vizima vyote. Tulivunja barafu, tukatia maji kidogo, tukangoja: sifuri. Kilikuwa kizima.

Mke wangu alipika kilo mbili. Hotpoti ya kwanza tuliijaza wali uliotoka jikoni muda huo, nyuzi 84. Ya pili tuliijaza wali tulioacha kwenye sinia hadi ukashuka nyuzi 63, kwa sababu wali wa ukumbini hautoki kwenye sufuria la moto. Unatoka kwenye meza, halafu kwenye boksi, halafu unatembea. Tukachoma kila saa. Mke wangu alipita mara ya tatu akasimama mlangoni. "Siku hizi wali unapimwa homa?" akauliza, akaenda zake.

Ya kwanza ilijitahidi. Baada ya saa moja 69, baada ya mbili 61, baada ya tatu 55. Hotpoti ya pili baada ya saa moja tu ilikuwa 56, yaani imeshavuka mstari. Kisha 50, 45, 41, 38. Baada ya saa nane ilisoma 32. Mpwa wangu aliziandika zote, na alipofika kwenye 38 akaacha kuandika akaishika hotpoti kwa viganja viwili, kama mtu anayeshika paji la uso la mtoto.

Tatizo la hotpoti ni kwamba inafanya kazi yake vizuri. Bakuli wazi lingepoa haraka likapita ule uvuguvugu. Hotpoti inauzuia uvuguvugu usiondoke, saa baada ya saa. Haipiki wala haipoozi, inaatamia. Kwa usiku wa kawaida, kula saa 6, wali ulikuwa umeatamiwa saa tano. Usiku wa shamali zikawa nane. Kwa bakteria anayeongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi, saa tatu hizo si nyongeza ndogo.

Sasa msomaji ataniuliza, kama anavyoniuliza mke wangu, mbona sisi tumekula wali wa jana na chai tangu utotoni. Tumekula. Wali wa nyumbani ni kidogo, umebaki kwenye sufuria iliyoachwa wazi jikoni, usiku wa Mwanza una ubaridi wake kutoka ziwani, na asubuhi unaliwa na watu watatu. Halafu tuseme ukweli, mara ngapi mtu ametapika asubuhi tukasema "ni tumbo tu", au ni mafuta, au kuna aliyemwangalia vibaya? Kiporo cha nyumbani kikimwangusha mmoja hakiandikwi popote. Kambini kinaangusha kumi na tisa kwa foleni, na kuna mtu analipwa kuandika.

Wali wa hotpoti ya pili niliumwaga. Sitaeleza jinsi nilivyoangaliwa jioni ile.

Kosa analo, ila si hilo

Barua inasema usafi wa jiko. Jiko lilikuwa safi. Lakini tulipofungua ukurasa wa Alhamisi ile kutafuta ushahidi wa kumtetea, wali umeandikwa hivi, kwa Farenhaiti: saa 11 na nusu, 145. Saa 12 na nusu, 145. Saa 1 na nusu, 145. Nikafungua Jumatano: 145, 145, 145. Jumanne vilevile. Nikamgeuzia daftari.

"Mjomba, wali huu una nidhamu kuliko jeshi."

Hakucheka. Nimesoma fomu za joto maisha yangu yote, na namba za kweli huyumba. Mhudumu ameinua kifuniko, kijana amejaza sinia jipya, umeme umecheza. Utaona 151, 143, 138. Zikijipanga mstari ujue zimeandikwa na kalamu moja mkao mmoja.

"Ya kwanza ulipima?"

"Nilipima."

"Na hizi nyingine?"

Akakaa kimya kidogo. "Nilikuwa vyumbani. Saa hizo ndizo za kukagua vyumba."

Namhurumia, na bado nasema ni kosa lake, kubwa kuliko lile la kwenye barua. Angekuwa na namba tatu za kweli angeweza kuonyesha kwamba wali ulitoka mezani ukiwa salama, na uchunguzi ungelazimika kuufuata nje ya mlango. Namba alizobuni hazikumlinda yeye, na zikawaponza wapishi wawili waliokuwa hawana hatia. Nafasi tupu ingemfaa zaidi. Nafasi tupu unaweza kuieleza: sikuwepo, nilikuwa kontena namba fulani, nipeni mtu wa pili.

Ila kinachonikera zaidi kiko ukurasa wa kulia. Jumatatu ya wiki ileile alikagua vyumba vya zamu ya usiku. Nilimwuliza hotpoti aliziona. Aliziona, kumi na moja. Mbona hujaandika? Kwa sababu fomu ya vyumba haina mstari wa hotpoti; inauliza jiko la koili, inauliza birika la umeme, na hotpoti haina waya. Na jikoni je, hukuona watu wanatoka na maboksi mawili mawili? Aliona. Fomu ya jikoni inaishia mezani.

Mwajiri alipoziunganisha kazi mbili kwa ubahili wake, bila kujua aliweka kambini mtu mmoja pekee mwenye macho pande zote mbili: anaona boksi likitoka na anaona hotpoti ikiingia chini ya kitanda. Afisa wa usafi wa jeshi haoni vyumba, mkaguzi wa umeme haoni wali. Mpwa wangu aliona vyote viwili, akaviandika kana kwamba ni watu wawili wasiosalimiana.

Kwa haki yake, chanzo hakukianzisha yeye. Chanzo ni ratiba. Mwezi Mei aliandika barua pepe akieleza kwamba zamu ya usiku haipati mlo wa moto, akajibiwa kwa mstari mmoja kuwa mkataba unataja milo mitatu na mfuko unahesabiwa kuwa mlo. Barua pepe hiyo ndiyo iliyomwokoa asifukuzwe. Nikamwuliza wenyewe wa zamu kwa nini hawakulalamika. Hapo nikaonekana mjinga. Ni kweli kuna amri ya Rais Obama ya Septemba 2012 inayowakataza wakandarasi wa serikali ya Marekani kushika pasipoti za wafanyakazi au kuwatoza ada za kuajiriwa, na tangazo lake limebandikwa ukutani kwao. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe kumlipa wakala wa kijijini kwao hapigi kelele kwa ajili ya wali. Anaomba mwenzake amwekee.

Baada ya tukio, uongozi ulipiga hotpoti marufuku. Zilikusanywa zote kwenye gunia. Mfuko wa kampuni ukaongezewa yai la pili. Unadhani wali umeacha kutoka? Sasa unatoka kwenye mifuko ya nailoni, unafichwa kabatini katikati ya nguo, na hakuna anayeuona hata akikagua. Walichokipiga marufuku ni chombo. Njaa ya saa 6 iko palepale.

"Saa 4 usiku jikoni kwenu kuna nani?" nilimwuliza.

"Hakuna mtu. Tunafunga saa 2." Kisha akajikosoa. "Yupo mwoka mikate. Anaanza saa 3, mkate wa asubuhi."

Nikanyamaza nikamwacha afike mwenyewe. Jiko limewashwa. Kuna mtu mzima mwenye cheti amesimama mbele yake, anangoja unga uumuke. Sufuria moja ya wali wa watu 40, mchuzi uliobaki salama kwenye friji ukachemshwa upya hadi nyuzi 74, vyote viwekwe kwenye kasha la kubebea chakula cha moto saa 5 na nusu, vipimwe, vipakiwe, viliwe saa 6. Gharama yake ni mchele na saa moja ya mtu ambaye tayari analipwa. Mkataba unataja milo mitatu. Haya, na huu ni wa tatu, ule wa jioni ambao hawa 40 hawajawahi kuula ingawa kila siku unahesabiwa kana kwamba wameula. Nilimwambia aiandike hivyo hivyo, kwa hesabu ya sahani, asiweke neno hata moja la huruma. Mhasibu huruma haimhusu.

Na fomu ya vyumba aiongezee mstari kwa mkono: chakula kilichokutwa, cha saa ngapi, nyuzi ngapi. Aingie vyumbani na kipimajoto mfukoni. Watamcheka wiki ya kwanza.

Siku ya nne akavuka daraja kwenda kumsalimu mama yake. Barua alimwonyesha, nasikia, na dada yangu aliisoma yote kisha akauliza kama mshahara wamekata. Alirudi kwangu na mzigo: mfuko wa dagaa waliokaushwa na kilo tatu za michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani hadi vikawa kama vigae. Wasukuma hatukuhitaji fomu kujua kwamba kikavu hukaa na kibichi hakikai. Alikuwa anapanga begi sakafuni, daftari gumu akaliweka juu.

"Mjomba, hii michembe nikifika nayo nitaiandika wapi? La jikoni au la vyumba?"

Nikachukua mchembe mmoja nikauvunja. Ukalia tah!

"Huu hauhitaji daftari," nikamwambia. "Ila uandike kote kote."